Kisahani cha Mahali Pakavu

Jumanne, tarehe kumi na nne Mei. Kulikucha na manyunyu yasiyo na haraka, yale yanayomlowesha mtu kabla hajajua kwamba mvua inanyesha, na mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mabati kama mfuniko juu ya sufuria.

Mama Mbona alipiga magoti kando ya sanduku la bati, kwenye kichwa cha godoro la mtoto. Alikuwa amekwisha sali. Sasa alikuwa anapima. Juu ya sanduku palikuwa na kisahani cha plastiki, na ndani yake, juu ya kipande cha karatasi, kiumbe cha njano kilikuwa kimetandaza vidole kama mizizi. Alikifunika kwa plastiki angavu, akafuata ukingo wake kwa kalamu, kisha akaiweka plastiki hiyo juu ya karatasi ya miraba, akaanza kuhesabu mraba mmoja mmoja huku midomo ikimchezacheza.

"Mbona kimekua?" mtoto aliuliza kutoka kwenye godoro. Alikuwa na miaka saba, na tangu ulimi wake ufunguke alikuwa akiuliza mbona hili na mbona lile, mpaka jina alilopewa siku ya kuzaliwa likasahaulika na wote.

"Usiongee sana, utaanza kukohoa."

"Lakini ulisema hiki cha hapa kitalala."

"Nilisema."

"Mbona hakijalala?"

Mama alirudi kwenye miraba yake. Mwalimu wa baiolojia wa masomo ya jioni alikuwa amempa kila mwanafunzi visahani viwili vya kiumbe hicho, ambacho darasani kiliitwa ukungu wa ute. Si mmea, aliwaambia, si mnyama, wala si ndugu wa ukungu wa kwenye mkate. Hakina mdomo wala ubongo, lakini kinatambaa, na kinajua chakula kiko wapi.

"Hakina ubongo na kinashiba?" aliuliza Babu Mlinzi, mwanafunzi mzee kuliko wote, kutoka dawati la nyuma. "Mwalimu, huyo ni msimamizi wangu wa kazi."

Darasa zima lilicheka. Mwalimu, kijana ambaye Mama Mbona angeweza kumwita mdogo wake, alingoja kicheko kiishe ndipo akaeleza kazi. Kisahani kimoja kikae nyumbani mahali penye unyevu, cha pili kikae mahali pakavu kuliko pote. Chakula sawa, maji ya siku ya kwanza tu, lisiongezwe hata tone. Cha unyevuni kitatanda. Cha pakavu kitajikunyata, kigande kama gamba la kidonda na kulala, na kipimo chake kitakuwa sifuri.

Cha unyevuni alikiweka chini ya meza, karibu na ndoo ya maji. Cha pakavu hakikumpa kazi ya kufikiri. Katika chumba chao kile kimoja palikuwa na mahali pakavu pamoja tu, na hapo ndipo alipolala mtoto.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Mwaka uliopita, Mbona alipolazwa kwa ajili ya kifua, tabibu alisema mtoto alale pakavu. Baba akarudi kutoka kazini na mabaki ya rangi ya mafuta, ya buluu, yaliyosalia kwenye nyumba ya watu wenye uwezo. Aliukwangua ukuta wa ndani, akausugua, akaupaka mara tatu mpaka ukang'aa kama sahani. Majirani walikuja kuutazama. Kuta nyingine zilikuwa na madoa meusi yaliyopanda kutoka sakafuni, lakini ule wa buluu haukuwa na doa, na godoro la mtoto likahamishiwa pale.

Mama Mbona alifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na alikuwa na mazoea ya kuigusisha nguo shavuni ili ajue kama imekauka. Siku ile aliugusisha shavu ukuta mpya.

"Ni baridi, baba Mbona."

"Rangi ya mafuta ni baridi siku zote. Wewe zijue pasi zako, kuta niachie mimi."

Walicheka. Hakuugusa tena.

Asubuhi hii mumewe alikuwa ameketi kitandani akinywa chai ya rangi, ovaroli yake ikiwa na madoa ya nyumba zote alizowahi kuzipaka. "Haya, mwanasayansi," alisema. "Kidudu chako kinaendeleaje?"

"Vyote viwili vimekua."

"Basi umefaulu!"

"Sijafaulu. Cha ukutani hakitakiwi kukua."

"Kimeipenda rangi yangu. Hata chenyewe kinajua kazi nzuri."

Mbona alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, kile kikohozi kikavu chenye mluzi mwishoni. Baba alilishusha bakuli la chai. Mama aliishika kalamu bila kuandika. Walisubiri mpaka mluzi ulipokwisha.

"Ni hali ya hewa," alisema baba.

"Ni hali ya hewa," mama aliitikia, kama mtu anayeitikia dua.

*

Masomo ya jioni yalifanyika katika shule ya watoto, na watu wazima walikaa kwenye madawati ambayo magoti yao hayakuingia. Mama Mbona alifika na harufu ya mvuke wa pasi kwenye nguo zake. Alama za vitendo ndizo zingemruhusu kufanya mtihani. Mtihani ndio ungemwingiza katika mafunzo ya wahudumu wa wodi. Na kazi ya wodi, aliyokuwa ameiomba magotini kwa muda mrefu, ndiyo ingewatoa katika chumba kile. Hapakuwa na njia nyingine aliyoiona.

Mwalimu alipita dawati kwa dawati akitazama karatasi. Alipofika kwake alisimama, akasoma, akasoma tena.

"Mama Mbona, hiki cha pili ulikiweka wapi?"

"Pakavu, mwalimu."

"Pakavu wapi?"

"Nyumbani. Hapo anapolala mtoto."

"Na kimekua kuliko cha unyevuni?"

"Ndiyo, mwalimu."

Aliinyanyua karatasi wenzake waione. "Tazameni. Nyote mna sifuri. Mwenzenu ana shamba."

"Anakinyonyesha!" alisema muuza viatu aliyeketi mbele, na darasa likaangua kicheko.

"Mwacheni mama wa watu," alinguruma Babu Mlinzi. "Wewe chako si kilikufa kwa harufu ya soksi?"

Mwalimu hakucheka. Aliinama juu ya dawati la Mama Mbona, na sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliouma. "Kukosea si vibaya, mama. Vibaya ni kunificha. Ulikihurumia ukakiongezea maji?"

"Hapana, mwalimu. Mungu ni shahidi yangu."

"Mungu hatujazii jedwali, mama. Kisahani kikavu hakikui. Kama si wewe, basi kuna mtu amekichezea. Una mtoto nyumbani?"

Alihisi macho ya darasa zima kwenye kisogo chake. Swali hilo lilimfungulia mlango wa kujiokoa, na yeye akautumia.

"Labda ni mtoto, mwalimu."

"Umeona?" Mwalimu alirudisha karatasi. "Chukua vipya. Rudia kazi, na safari hii mtoto asisogee. Ukiniletea tena hesabu kama hizi, sitakuwa na alama ya kukupa. Tuonane Jumanne."

Njiani kurudi nyumbani alijiambia kwamba huenda ni kweli ni mtoto. Alipofika mlangoni alikuwa ameshaamini.

"Ulikitia maji?" alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Kipi?"

"Kisahani! Usijifanye hujui."

"Sijakigusa, mama. Nakitazama tu." Machozi yalimjaa mtoto. "Mbona huniamini?"

"Mwenzangu," mume alisema taratibu, "mtoto hata kikombe chake mwenyewe hanyanyui siku hizi."

Maneno hayo aliyasikia, lakini aliyaweka kando, kama mtu anavyoiweka kando nguo ngumu ili aipige pasi mwisho.

*

Kisahani kipya alikifunga kwa kitambaa cha wavu, akakipiga fundo mara mbili, akakirudisha juu ya sanduku. Alilifuta kwanza sanduku kwa kitambaa kikavu. Kisha aliomba: Mungu wangu, kilaze. Hakuwahi kuomba jambo dogo namna ile, na alitumaini kwamba kwa udogo wake lingepita haraka.

Halikupita. Kiumbe kilitanda vilevile. Kila asubuhi mtoto aliongea kidogo zaidi na kiumbe kikaenea zaidi, na mama aliviona vyote viwili kwa macho yale yale lakini hakuviweka pamoja. Kifua cha Mbona alikifikiria akiwa anapiga pasi. Kisahani alikifikiria akiwa anapima.

Asubuhi ya Jumanne alikuta kimepenya kwenye matundu ya wavu. Kidole kimoja cha njano, chembamba kama uzi wa kushonea, kilikuwa kimevuka ukingo wa kisahani, kikashuka kwenye kifuniko cha sanduku, kikanyooka kuelekea kwenye rangi ya buluu.

"Mama," Mbona alisema. Siku hizi alisema maneno machache, akavuta pumzi, kisha akasema mengine. "Kinaenda ukutani."

"Nimeona."

"Chakula chake kiko kwenye kisahani. Mbona kinaenda ukutani?"

"Nyamaza, nahesabu."

Lakini hakuwa anahesabu. Alikuwa amekaa na karatasi safi magotini, akimfikiria mwalimu akiinyanyua mbele ya wote. Kila siku aliomba kabla ya kushika kalamu. Siku hiyo hakuomba, na si kwamba alisahau. Katika safu ya mahali pakavu aliandika sifuri, chini yake sifuri, na chini yake sifuri nyingine, sifuri nzuri za mviringo, za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani na anayeipenda kila herufi.

Jioni mwalimu aliisoma karatasi na uso wake ukafunguka. "Safi sana! Hivi ndivyo nilivyotaka. Mnaona mtu akifuata maelekezo?" Muuza viatu alimpigia makofi. Mama Mbona alitabasamu. Tabasamu lile lilimkaa usoni kama nguo ya kuazima mpaka alipofika nyumbani.

*

Alhamisi mchana alikuwa anapiga pasi shuka za nyumba ya wageni aliposikia mtu anaita jina lake nje. Alikuwa jirani yao mshonaji, kichwa wazi, kiatu kimoja mkononi kwa kukimbia.

"Mama Mbona, acha pasi. Mtoto."

Hospitalini alimkuta mumewe amesimama ukutani na ovaroli yake, mikono ikiwa na rangi nyeupe mbichi, akiogopa kugusa chochote. Mbona alikuwa kitandani, na barakoa ya hewa ilikuwa imemfunika nusu ya uso. Mbavu zake zilipanda na kushuka kama za ndege aliyeshikwa. Midomo haikuwa na rangi yake. Macho yalikuwa wazi, na yalimtazama mama yake bila kuuliza chochote.

Tabibu wa zamu, mwanamke aliyechoka tangu asubuhi, alikuwa anaandika akiwa amesimama. "Amewahi kulazwa?"

"Mwaka jana," alisema baba.

"Mliambiwa alale pakavu?"

"Tuliambiwa. Na analala pakavu. Ule ukuta nimeupaka kwa mkono wangu, rangi ya mafuta, mara tatu. Hata jasho hautoi."

"Mama?" Tabibu hakuinua macho. "Analala pakavu?"

Mama Mbona alifungua mdomo kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari. Alikuwa ameliandika juzi, safu nzima, na akapigiwa makofi. Alimtazama mtoto. Aliuona uzi wa njano ukishuka kwenye sanduku, ukiacha chakula nyuma yake, ukinyooka kwenda ukutani kama mwenye kiu anayejua kisima kilipo.

"Hapana," alisema.

Mumewe aligeuka. "Unasema nini?"

"Hapana pakavu pale. Panaota."

"Mama Mbona, ukuta wangu?"

"Kimeota mara mbili, baba Mbona. Na mtoto aliniambia. Aliniambia maji yako wapi, nikamwambia anyamaze."

Tabibu alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, kisha akaandika. "Huko asirudi," alisema. "Kifua hiki kimechoka. Safari hii sijui kama kitarudi kilivyokuwa, siwezi kuwadanganya. Lakini mkimrudisha huko, hata msiniulize."

Wakaachwa na mashine ya hewa ikifoka pembeni. Baba aliitazama mikono yake nyeupe kwa muda mrefu, kisha akaificha nyuma ya mgongo.

*

Jumamosi mvua ilikatika, na jua likatoka kali kana kwamba halikuhusika na lolote. Shangazi wa mtoto alikuwa amebaki naye wodini. Baba Mbona aliliburuta godoro hadi uani, akachukua chuma chake cha kukwangulia rangi, akaingia ndani. Mkewe alimfuata.

Alianzia pale kidole cha njano kilipogusa ukuta. Chuma hakikuhitaji nguvu. Rangi iliachia yenyewe, ikashuka kwa vipande vipana kama utando wa maziwa yaliyochemshwa, na nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi, wa kuchuruzika, laini kama mkate uliolowekwa. Harufu iliyotoka iliwarudisha nyuma hatua. Upande wa pili wa ukuta huo palikuwa na bafu la wapangaji wote. Bomba lake lilikuwa limepasuka ndani kwa ndani, siku nyingi, na maji, yalipokosa pa kutokea, yalikuwa yamejikalia nyuma ya buluu.

"Niliyafungia humo," alisema baba Mbona. "Niliyafungia humo, nikamlaza mwanangu mlangoni pao."

"Hukujua."

"Kazi yangu ni kuta, mama Mbona. Kama kuta sizijui, najua nini?"

Mkewe alimshika mkono wenye chuma, wakatoka hadi uani, ambako wapangaji walikuwa wamekusanyika, na mama mwenye nyumba alikuwa anafika huku akijifunga kanga upya.

"Nani kakuruhusu kunibomolea nyumba?"

"Sijabomoa. Nimevua rangi yangu."

"Nyumba yangu kavu kama mfupa! Unyevu mnauleta wenyewe. Mnapika ndani, mnaanika ndani, mnapumua ndani."

"Tukapumulie wapi, mama?" alisema mshonaji. "Sokoni?"

Watu walicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mama mwenye nyumba alichungulia mlangoni, akaona, akaziba pua kwa ncha ya kanga. Aliporudi sauti yake ilikuwa imeshuka. "Haya. Wiki ijayo nitaleta fundi bomba."

"Wiki ijayo ya mwaka gani?" mtu aliuliza kutoka nyuma. "Hilo bomba tulikuambia mimi nikiwa sijaoa."

Hakuna aliyecheka tena. Wakati huo ndipo Babu Mlinzi alipoingia getini akiwa na sare yake ya kazi na mfuko wa machungwa. Alikuwa anatoka lindoni na hakuwa amelala.

"Nimesikia habari za mgonjwa," alisema, akimpa Mama Mbona mfuko kwa mikono miwili. "Pole, binti yangu. Pole sana. Angalau nikupe la kukuinua moyo. Mwalimu ameibandika kazi yako kwenye ukuta wa darasa. Anasema ndiyo mfano wetu sote. Zile sifuri zako, nzuri kama zimechapwa!"

Mama Mbona aliutua chini mfuko wa machungwa. Aliingia ndani, akatoka na kile kisahani. Kiumbe kilikuwa kimejaa wavu mzima, chenye afya, kinang'aa juani. Alikiweka juu ya kiganja cha mama mwenye nyumba kabla huyo hajajua anapewa nini.

"Ni nini hiki? Toa uchafu wako!"

"Kishike kidogo tu, mama. Hakiumi. Kimekaa kando ya kichwa cha mwanangu na wala hakikumuuma. Hiki ndicho pekee kilichosema kweli katika nyumba hii. Wewe ulisema pakavu. Mume wangu alisema pakavu. Na mimi niliyekiona kwa macho yangu nikaandika pakavu, ili nipate alama."

Babu Mlinzi alivua kofia. Baba Mbona alikuwa akimtazama mkewe kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza baada ya safari ndefu. Kisha akasogea, akasimama kando yake, bega kwa bega, chuma cha kukwangulia kikiwa bado mkononi.

Mama Mbona aliwatazama wote: mshonaji, wapangaji na watoto wao, mzee mwenye sare, mwanamke aliyeshika kisahani na kuogopa kukiangusha. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya kupigania chochote.

"Mnishuhudie nyote, na Mungu aliye juu anishuhudie. Jumanne jioni nitasimama mbele ya darasa, nitaibandua ile karatasi, nitazifuta zile sifuri na kuandika nilichokiona, hata kama nitafukuzwa. Na mwanangu akitoka kule wodini, akitoka, hatalala tena katika chumba hiki hata usiku mmoja. Sijui atalala wapi. Lakini hapa, hapana. Na akiniuliza mbona, sitamwambia anyamaze. Nitamjibu."